Kalenda ya magari ya vita: kifaru au lori?

KALENDA ya ukutani haina haraka ya kuondoka katika nyumba zetu. Mwaka ukiisha, ile iliyotolewa na duka la jumla au na dayosisi hubaki msumarini miaka miwili, mitatu, kwa ajili ya picha yake tu. Tarehe zimekwisha kazi, lakini nani atoe picha nzuri ukutani? Pembezoni mwa tarehe hizo utakuta maandishi ya kalamu: deni la mchele, siku alipozaliwa mtoto, siku ya gulio, siku mzigo ulipozuiwa forodhani. Kwa anayeishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, siku ya mgawo wa chakula ndiyo huzungushiwa duara.

Kwa hiyo si jambo dogo kuuliza ni picha gani itundikwe hapo.

Wachapaji wa Barabara ya Nasser mjini Kampala, mtaa uliopewa jina la Rais Gamal Abdel Nasser wa Misri, wanalijua hilo vizuri. Mtaa huo umejaa mashine za kuchapa, na mabango yake yamezagaa kwenye kuta za vinyozi, vibanda vya chai na vyumba vya wageni ndani na nje ya Uganda. Mtafiti wa Ubelgiji, Kristof Titeca, aliyatolea kitabu kizima mwaka 2023. Wamo Saddam Hussein, Muammar Gaddafi na Osama bin Laden, na miongoni mwa watu hao hujitokeza silaha, ndege za kivita na moto. Hakuna anayeuliza kifaru kile kilipigana wapi. Kimewekwa kwa sababu kinauza.

Kwa wenzetu wa Ulaya, picha za magari ya vita ni jambo la starehe. Uingereza kuna vyama vya watu wanaonunua jipu za Vita Kuu ya Pili, malori ya Bedford na magari ya deraya yaliyochoka, wakayafufua injini, wakayapaka rangi yake ya zamani na kukutana nayo uwanjani wakati wa kiangazi. Marafiki wa aina hiyo ndio hukaa pamoja, wakachagua picha 12 na kuchapa kalenda. Katika mji mdogo wa Bovington kuna makumbusho ya vifaru yenye magari karibu 300, na kimoja, Tiger 131 cha Wajerumani kilichotekwa Tunisia mwaka 1943, hadi leo huwashwa na kutembezwa mbele ya watazamaji. Watu hulipa kiingilio kusikia injini yake.

Mzee wa Bovington anaweza kukipenda kifaru kwa sababu hakikuwahi kugeuza mtutu kuelekea jikoni kwa mama yake. Sisi wa njia ya Mutukula, Masaka na Mbarara hatuna raha hiyo.

Tuseme basi kwamba marafiki wanne wa njia hii wameamua kutengeneza kalenda kama ile. Mmoja anauza vitenge na sabuni Mutukula. Wa pili ni dereva wa lori wa Mbarara, na baba yake alikuwa dereva kabla yake. Wa tatu alikulia Nakivale, akarejea kwao Rwanda, na sasa hupita Kagitumba mara mbili kwa mwezi na mizigo yake. Wa nne ni Mkongo ambaye bado yuko Nakivale, ana kibanda cha kupiga picha za vitambulisho. Hawa ni watu wa kubuni, lakini msomaji wa mpakani anawajua. Picha 12 zinatakiwa. Waanzie wapi?

Sherman ya Mbarara

Wataanzia kambini Mbarara, hilo halina ubishi. Hapo ndipo palipokuwa makao ya Kikosi cha Simba cha jeshi la Idi Amin. Tarehe 17 Septemba 1972, wapiganaji wa Milton Obote waliokuwa wakiishi Tanzania walivuka mpaka, kundi moja likaelekea Masaka na jingine Mbarara. Walikwenda kwa malori. Yoweri Museveni alikuwamo katika kundi la Mbarara. Shambulio lilishindwa, wengi wakauawa, na waliosalia wakarudi Tanzania kwa miguu na kwa bahati. Picha ya malori yale ingekuwa na thamani kubwa, ila wanaokwenda kushambulia kambi usiku hawaendi na mpiga picha.

Jeshi la Amin lilikuwa na magari ya kila kabila. Kulikuwa na vifaru vya Sherman, vilivyoundwa Marekani kwa ajili ya kumpiga Hitler, vikafika Uganda kutoka Israel. Kulikuwa na T-55 za Kisovieti. Kulikuwa na OT-64, gari la deraya la magurudumu manane kutoka Czechoslovakia, ambalo kwa mbali mtu angeweza kudhani ni mtumbwi uliowekewa matairi. Mwaka 1972 Amin aliwafukuza Waisraeli, lakini Sherman zao zikabaki. Chuma hakina uraia. Hili ni jambo ambalo mfanyabiashara wa mpakani hahitaji kufundishwa.

Mwisho wa Oktoba 1978 vifaru hivyo vikaingia Kagera. Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800, ni mali ya Uganda, na daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu Julius Nyerere akajibu kwenye redio kwa maneno ambayo mpaka leo watoto wa shule Tanzania huyajua: uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Januari 1979 Mutukula ikatekwa. Februari vita vikapanda vilima vya Gayaza katika njia ya kwenda Mbarara, ambako askari wa Tanzania walishambuliwa kwa kuviziwa. Masaka ilianguka tarehe 24 Februari, Mbarara siku iliyofuata.

Hapa mwenzetu wa Mutukula atataka picha ya lile lori la makombora, BM-21, lori la Ural lenye mirija 40 mgongoni. Waganda waliyapa makombora yake jina la Saba Saba. Kwa Mtanzania, Sabasaba ni tarehe 7 Julai, maonyesho ya biashara, soda na watoto wamevalishwa nguo mpya. Kwa mzee wa Masaka, neno hilohilo ni mlio wa usiku. Kalenda ikichapwa kwa Kiswahili na kuuzwa pande zote mbili za mpaka, picha moja na neno moja vitasomwa kwa namna mbili, na wachapishaji inabidi wajue hivyo kabla hawajalipa fedha za karatasi.

Vilevile kuna jambo ambalo picha ya BM-21 haitasema. Baada ya Mbarara na Masaka kutekwa, majengo mengi ya miji hiyo yalibomolewa kwa baruti kulipiza yaliyofanywa Kagera. Mtu wa Kyaka ana habari yake, ambayo ni ya kweli. Mtu wa Mbarara naye ana ya kwake, nayo ni ya kweli. Maelezo ya chini ya picha yasiwe ya upande mmoja, vinginevyo kalenda itauzwa Bukoba tu.

Magari ya watu

Dereva wa Mbarara atakuwa amenyamaza kwa muda. Kisha atauliza: mbona hamjataja lori la kawaida?

Swali lake ndilo gumu kuliko yote. Jeshi la Tanzania mwaka 1978 halikuwa na magari ya kutosha kupeleka makumi ya maelfu ya watu hadi Kagera. Serikali ikachukua malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi nchi nzima. Askari na mgambo walipanda treni hadi Mwanza, wakavuka Ziwa Victoria kwa meli na pantoni, na wengine wakasafiri siku kadhaa nyuma ya malori ambayo wiki moja kabla yalibeba pamba au mahindi. Madereva wengi walikuwa raia. Walikwenda na sahani na vikombe vyao, wakajikuta wanabeba risasi kwenda, majeruhi kurudi. Vita vile vinakadiriwa kuigharimu Tanzania dola za Marekani milioni 500, na sehemu ya hasara hiyo ilikuwa magari yaliyorudi yamekufa au hayakurudi kabisa. Anayekumbuka foleni na uhaba wa miaka ya mwanzo ya 1980 anajua maana ya nchi kukosa malori.

Lakini nenda utafute picha. Kifaru kinapigwa picha, na kamanda juu yake anapigwa picha. Lori lenye turubai lililochakaa, dereva amelala chini ya ekseli, nani alipoteza filamu kwa ajili yake?

Si jambo jipya. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mbung'o waliua farasi na maksai katika nchi hizi, hivyo gari la vita likawa mgongo wa mtu. Mamia ya maelfu ya wapagazi walibeba risasi na unga kumfuata Jenerali von Lettow-Vorbeck na wakati huohuo kumfukuza. Kikosi cha Wapagazi cha Waingereza kiliacha jina lake Dar es Salaam kwenye soko la Kariakoo, ambako leo mfanyabiashara wa Mutukula hununua bidhaa zake bila kukumbuka kwamba jina la soko ni la watu waliokufa na mzigo kichwani. Nchi ingekuwa na haki, ukurasa wa Januari ungekuwa wao.

Malori ya kawaida yaliendelea kufanya kazi hiyo. Tarehe 6 Februari 1981, Museveni na wenzake wachache walipokwenda kushambulia shule ya mafunzo ya jeshi ya Kabamba na kuanzisha vita vya msituni, walikwenda kwa lori, si kwa kifaru. Tarehe hiyo sasa huadhimishwa Uganda. Na tarehe 1 Oktoba 1990, wapiganaji wa RPF walipoingia Rwanda kupitia Kagitumba, walikwenda na magari na silaha za jeshi la Uganda walilokuwa wakilitumikia. Wengi wao walikuwa watoto wa wakimbizi, waliozaliwa au kulelewa Nakivale, Oruchinga na makazi mengine.

Rafiki wa tatu, yule aliyerejea Rwanda, ataongeza mwaka ambao vitabu vingi huupita haraka: 1982. Oktoba ya mwaka huo, katika Ankole, watu wenye asili ya Rwanda, na wengine waliodhaniwa tu kuwa nayo, walifukuzwa majumbani na vijana wa chama tawala cha UPC pamoja na viongozi wa maeneo. Makumi ya maelfu walikimbia. Wengine walivuka kwenda Rwanda, wengine walijazana Nakivale na Oruchinga, na wengine walikwama mpakani, Rwanda haiwataki na Uganda haiwataki. Hapakuwa na gari la vita hata moja katika jambo hilo linalostahili kalenda. Kulikuwa na baiskeli, ng'ombe waliobaki, na pikapu za watu waliokuja kuchukua mabati.

Picha ziko wapi?

Mtu anaweza kudhani picha za zama za Amin zilipotea zote. Hapana. Mwaka 2015, kwenye kabati la Shirika la Utangazaji la Uganda, UBC, zilipatikana bahasha za negativu zipatazo 70,000 za wapiga picha wa Wizara ya Habari. Nyingi hazikuwahi kusafishwa zikawa picha za karatasi. Kazi ya kuziingiza kwenye kompyuta ilifanywa na shirika hilo pamoja na wasomi wa vyuo vikuu vya Michigan na Western Australia, na Mei 2019 Makumbusho ya Uganda yalifungua maonyesho ya baadhi yake. Humo utaona gwaride, vifaru vimeoshwa vinang'aa, Amin anacheka, Amin anakagua, Amin anapiga kodiani.

Usichokiona ndicho kilichowasumbua waandaaji. Mpiga picha wa serikali hakuitwa kwenye mauaji. Ukitengeneza kalenda kwa negativu hizo peke yake, utatoa kalenda nzuri sana ya serikali ya Amin, miaka mingi baada ya serikali hiyo kuanguka.

Mbarara yenyewe ina hazina ya aina nyingine. Musa Katuramu alikuwa seremala na mwalimu, akaanza kupiga picha miaka ya 1930. Alipiga watu wa kawaida wamevaa vizuri, arusi, wanafunzi, baiskeli mpya, familia mbele ya nyumba. Negativu zake zilitunzwa na familia, zikaja kuchapwa katika mfululizo wa vitabu vya Ebifananyi wa mradi wa History In Progress Uganda, ulioanzishwa mwaka 2011 na mpiga picha wa Uganda Rumanzi Canon na mwenzake wa Uholanzi, Andrea Stultiens. Neno lenyewe la Kiganda, ebifananyi, ni picha, na Mswahili analisikia humo neno lake la kufanana. Somo kwa marafiki wetu ni kwamba picha ya thamani inaweza kuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha mtu, na kuipata kunahitaji adabu kuliko kamera. Unakwenda, unasalimia, unakaa, unaulizwa wewe ni mtoto wa nani. Siku ya pili labda sanduku litafunguliwa.

Madereva wa zamani wana picha. Mwaka 1979 dereva mwenye gari jipya alikuwa mtu wa kupigwa picha studio, mguu mmoja juu ya bampa. Zitafutwe hizo.

Chuma chenyewe ni taabu zaidi. Magari ya vita yaliyoharibika hapa hayakusubiri makumbusho. Yalikatwa vipande, yakauzwa kama chuma chakavu, yakaenda kuyeyushwa na kurudi kama nondo. Inawezekana kabisa Sherman ya Kikosi cha Simba leo ni dari ya duka la ghorofa. Kilichohifadhiwa ni gari la bwana mkubwa: Makumbusho ya Uganda yana Mercedes-Benz iliyotumiwa na Amin, na Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam yana magari ya viongozi, likiwamo Rolls-Royce. Mercedes ile ya Kampala inakumbusha nyingine, ambayo ingefaa ukurasa mzima. Usiku wa Julai 1976 makomandoo wa Israel walitua Entebbe na ndege za Hercules, wakashusha Mercedes waliyoipaka rangi nyeusi na Land Rover mbili nyuma yake, ili walinzi wadhani ni msafara wa mkubwa. Hilo nalo lilikuwa gari la vita, ingawa halikuwa na deraya. Silaha yake ilikuwa uoga wa askari mbele ya gari la mkubwa.

Julai italeta ugomvi

Miezi mingine watapatana. Julai ndiyo itakayowachelewesha.

Tarehe 4 Julai ni Entebbe. Tarehe 4 Julai hiyohiyo, mwaka 1994, RPF iliiteka Kigali, na Rwanda huiadhimisha kama Siku ya Ukombozi. Tarehe 7 ni Sabasaba. Tarehe 25 Tanzania huwakumbuka mashujaa wake, na wale wa Kagera wamelala Kaboya, wilaya ya Muleba. Kila rafiki ana picha yake mkononi.

Yule wa Nakivale ataweka mezani tarehe 14.

Tarehe 14 Julai 2010, watu katika makazi ya Nakivale na Kyaka II waliitwa kukusanyika. Walikuwa Wanyarwanda ambao maombi yao ya ukimbizi yalikataliwa, ingawa miongoni mwa waliokamatwa walikuwamo pia wakimbizi waliotambuliwa. Walikuta polisi wenye silaha. Zaidi ya watu 1,700 walipakiwa kwenye malori na kupelekwa Rwanda. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lililaani tendo hilo na kusema familia zilitenganishwa. Wanaume wawili waliripotiwa kufa baada ya kuruka kutoka malorini.

Je, malori yale ni magari ya kihistoria ya kijeshi? Mwenye chama cha jipu huko Uingereza atasema hapana. Hayana mzinga, hayana namba ya kikosi, ni malori tu ya kupakia watu. Lakini muulize mtu aliyepanda lori la kijeshi mara moja maishani mwake, kisha lori kama lile mara moja, ni lipi analoliota usiku.

Ndiyo sababu mwandishi wa makala haya hakubaliani na kalenda ya vifaru vitupu, ijapokuwa vinauza. Watu walioletwa Nakivale tangu mwisho wa miaka ya 1950, makazi yalipofunguliwa kwa Wanyarwanda na kutangazwa rasmi mwaka 1960, wengi walifika au kuondoka kwa gari la wazi lenye vyuma pembeni. Wakongo wanaovuka Bunagana hupelekwa kwanza kituo cha Nyakabande, Kisoro, kisha husafirishwa hadi Nakivale na virago vyao. Wasomali wa Nakivale wanaijua Toyota iliyofungwa bunduki nzito nyuma, gari ambalo Mogadishu ya 1991 iliifanya kuwa jeshi zima. Wakongo wanajua magari meupe ya deraya yenye herufi mbili, UN, yaliyokuwapo mwaka 2012 waasi wa M23 walipoingia Goma, na yaliyokuwapo tena Januari 2025 walipoingia kwa mara nyingine. Magari hayo meupe ni mazuri sana pichani. Rafiki wa Nakivale atasema yawekwe, lakini maelezo yake ayaandike yeye.

Na pawe na jambo moja lililokubaliwa mapema: ukurasa wa tukio lisilo na picha usijazwe picha ya uongo. Siku hizi kompyuta inaweza kukutengenezea lori la 1972 likipanda kilima cha Mbarara, na moshi juu. Usifanye hivyo. Afadhali uweke picha ya barabara ilivyo leo, na chini yake sentensi mbili za ukweli.

Kabla ya kwenda kwa mchapaji

Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, si mahali pa kuingia na kamera begani kama arusini. Makazi yako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na kibali huombwa huko kabla. Hata ukiwa na kibali cha serikali, mwenye sura ndiye mwenye kauli ya mwisho. Kuna mtu Nakivale ambaye picha yake ikitundikwa duka la Goma au Bujumbura itampa taabu ndugu yake aliyebaki. Usipige uso wake. Piga mikono, piga tairi, piga ubavu wa lori wenye maandishi.

Kambi ya Mbarara usiipige picha kabisa bila ruhusa ya jeshi. Halafu chuma: yeyote atakayekuambia ana kipande cha kombora au sanduku la risasi la 1979 shambani kwake, usikiguse wala usikinunue ili ukipige picha. Baadhi ya vitu hivyo bado ni vizima, na kukutwa na mali ya jeshi ni kosa. Mwambie atoe taarifa polisi.

Kuhusu hakimiliki, Uganda ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006, na picha ni mali ya mwenyewe hata kama uliikuta imebandikwa kwa kinyozi. Picha za UBC ziombwe UBC. Picha za familia ziandikiwe hati, hata ya karatasi moja yenye sahihi mbili: nani ametoa, kwa kazi gani, mara ngapi itachapwa, na nakala ngapi za kalenda atapewa. Wengi wa wazee hawatadai fedha. Watadai jina la baba yao liandikwe sawasawa, na hapo ndipo wachapishaji wengi wa kalenda hukosea.

Lugha iwe Kiswahili, na kama nafasi ipo, Kinyankole na Kinyarwanda chini yake kwa herufi ndogo. Sikukuu za Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo ziwekwe zote, kwa kuwa mfanyabiashara anataka kujua mpaka gani umepoa siku gani. Hilo peke yake litauza kalenda kuliko Sherman. Pembeni ya kila mwezi iachwe nafasi nyeupe ya kuandika madeni.

Karatasi ya Julai bado haijaamuliwa. Dereva wa Mbarara amependekeza lori lake lipigwe picha likiwa tupu, limesimama kando ya njia ya Isingiro, mlango wa nyuma umeteremshwa. Yule aliyerejea Rwanda ameomba apewe wiki moja afikirie. Mchapaji wa Barabara ya Nasser anataka picha zote kabla ya Novemba, na nusu ya fedha mkononi.